Ibada ya Saa Tatu, Wakubwa kwa Wadogo

Mliponiaga kwa keki na leso mbili, ninyi wawili mliopokea funguo zangu, mliniomba niwaandikie mambo ya kazi "kabla sijasahau". Neno hilo nimelipokea kwa roho safi, ingawa aliyesahau kufunga dirisha la upande wa mimbari Jumapili iliyopita si mimi. Nililiona liko wazi nikiwa nimeketi kwenye benchi kama muumini wa kawaida. Nilijizuia nisiinuke kulifunga, na kazi hiyo ya kujizuia ilinichosha kuliko kufagia kanisa zima.

Vyeo sitaviandika. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, mhudumu wa kanisa, na kazi yake mnaijua: kufungua, kufagia, kupanga viti, kukaribisha watu na kufunga. Nimeifanya zaidi ya miaka thelathini katika kanisa hilo hilo moja la mawe, kati ya Ganjoni na Makadara, na nimestaafu na goti moja bovu na fahari nyingi. Goti nalificha kwa gauni refu. Fahari siifichi.

Nilikuja Mombasa msichana kutoka Taita, nikafikia kwa shangazi yangu Ganjoni. Yeye ndiye aliyesikia kwamba Mzee Jeremia, mhudumu wa zamani, anatafuta mtu wa kumfundisha kazi kabla hajapumzika. Siku ya kwanza nilifika mapema, kitambaa kichwani, tayari kushika ufagio. Mzee Jeremia, Mrabai mfupi mwenye sauti ya chini, hakunipa ufagio. Alinipeleka benchi la kwanza akaniambia niketi.

"Waona nini?"

"Naona madhabahu."

"Haya, benchi la pili."

Tulikwenda hivyo asubuhi nzima, benchi baada ya benchi, mwanzo wa kila benchi na mwisho wake. Nilipofika la saba upande wa kulia nikamwambia naona nguzo tu. Akaitikia kwa kichwa. "Basi atakayeketi hapo ataona nguzo. Usimuweke mgeni hapo, wala mjane, wala mtu aliyekuja kanisani baada ya miaka. Hapo muweke yule asiyekosa hata Jumapili moja, yeye keshaiona madhabahu ya kutosha."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na mpaka leo sijalipata lililo bora. Mengine alinifundisha taratibu. Kuta za mawe ya matumbawe hazifutwi kwa tambara la maji, chokaa hutoka yote, bali hupanguswa kwa ufagio mkavu wa makuti. Mabenchi ya mvule hupakwa nta kidogo, nta ikizidi akina mama huondoka na alama kwenye nguo, na mtalisikia hilo mpaka Pasaka. Na anayekaribisha watu asimame nje, kwenye ngazi, si ndani ya mlango. Mtu akitoka kwenye jua la Mombasa akaingia ndani haoni kitu kwa muda. Ukimsalimia kutoka gizani atajibu kwa adabu, lakini hatakuwa ameuona uso wako.

Mzee Jeremia alipopumzika nikabaki peke yangu, na hapa yaanza mambo ambayo siyaoni vizuri nikiyakumbuka. Nilikuwa hodari wa mpangilio. Ibada ya saa moja ilikuwa ya Kiingereza, ya saa tatu ya Kiswahili, ya saa tano ya vijana na ngoma zao. Katika ile ya saa tatu, wimbo wa pili ukiisha nilikuwa nainua mkono, na watoto wote huinuka, hupanga mstari na kutoka kwenda ukumbini nyuma ya kanisa na walimu wao. Familia moja ilikuja kwa tuktuk moja, ikashuka pamoja getini, halafu kila mtu akaenda zake. Mimi nilipendezwa sana na jambo hilo. Baada ya watoto kutoka, kanisa lilikuwa kimya kiasi cha kusikia kurasa zikifunuliwa, na mimi niliuhesabu ukimya huo kuwa kazi ya mikono yangu.

Ndipo akaja Kadzo. Alikuwa mama wa makamo aliyefanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, akiishi Makadara na binti yake Pendo, wa miaka tisa hivi. Pendo hakuwa akizungumza kama watoto wengine. Alichofanya ni kurudia neno la mwisho la kila alichosikia, kwa sauti kubwa safi. Ukimwambia karibu ndani, atasema "ndani". Ukumbini watoto walimcheka, mwalimu akashindwa, kwa hiyo Kadzo akawa anabaki naye kanisani. Kasisi akisema "hata milele", Pendo naye anasema "milele", na watu wanageuza vichwa.

Jumapili ya tatu nilimwendea. Nikainama, nikamwambia kwa sauti ya asali, "Mama, pale barazani pana kivuli kizuri, na upepo pia." Ninyi mmekulia hapa, mnajua namna ya Mombasa ya kumtoa mtu nje huku ukimkaribisha. Kadzo alinishukuru, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Waliketi barazani Jumapili mbili. Ya tatu hawakuja, na mimi nikaona tatizo limejitatua lenyewe.

Baada ya miezi kadhaa nilikutana naye Makadara akinunua nazi. Alinisalimia vizuri mno, akaniuliza hali ya goti, ya shangazi, ya kasisi. Nikamuuliza mbona kimya kanisani. Akaziweka nazi zake kikapuni, moja baada ya nyingine, ndipo akanijibu.

"Kivuli hata nyumbani kipo, Mama Wakio."

Hakusema kwa hasira. Uso ulinishuka pale pale mbele ya muuza nazi. Niliona haya, na haya hiyo nikaenda nayo kazini mwaka mzima bila kumwambia mtu.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa toba yangu, naomba radhi kusema. Ilikuwa dari ya ukumbi. Hewa ya chumvi ilikuwa imekula nondo ndani ya zege, na asubuhi moja ya Jumatano bonge zima likaanguka juu ya meza ya walimu. Hapakuwa na mtu. Fundi aliyekuja kutazama alisema asiingie hata paka mpaka kazi iishe, na kazi ni ya miezi mitatu. Kasisi wetu alikuwa mgeni, ametoka bara mwezi mmoja tu nyuma. Akaiambia halmashauri kwamba kwa miezi hiyo watu wote wataabudu pamoja saa tatu, wazee, watoto na hao vijana wa saa tano, na mwisho wa miezi mitatu halmashauri itaamua kama iendelee hivyo ama kila mtu arudi kwake.

Mzee Habel akapinga. Huyo ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa mkubwa kuliko wote, mstaafu wa bandarini, msomaji wa masomo tangu mimi sijaja Mombasa. Alikuwa karibu miaka themanini, mrefu, viatu vyeusi vya kamba vinang'aa, na kifaa cha kusikilizia katika sikio la kushoto. "Hapa ni mahali pa ibada, si soko la Makadara," akasema. "Miezi mitatu tutavumilia. Ukumbi ukiisha, watoto watarudi." Watu wengi waliitikia kwa kichwa pamoja naye, na kusema kweli, mimi pia.

Lakini kupanga mahali pa kuketi ilikuwa kazi yangu, na sikuwa tayari kushindwa na watoto. Jumapili ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Miguu ya watoto haifiki chini katika mabenchi yale, kwa hiyo miguu yote ilicheza, na kila mguu uliocheza uligonga benchi la mbele. Mahubiri yalikwenda kwa mdundo. Wiki hiyo nikaingia Mji wa Kale kwa Bi Zuhura, muuza mikeka wa siku nyingi, mwenye kiduka cha mlango mmoja ambacho yeye huketi ndani yake na bidhaa huketi nje.

"Ndoo uketi, mwanangu, jua kali. Wataka wa kulalia ama wa kuswalia?"

"Shikamoo, Bi Zuhura. Nataka ya kuketia watoto, kanisani."

"Marahaba. Ni wangapi hao watoto?"

"Kama arubaini."

"Na wote utawaeka pamoja?"

"Wote, pale mbele, niwaone."

"Basi utawaona wakicheza," akasema, akinikunjulia mkeka mpana wa miyaa ya rangi. "Sisi msikitini hilo twalijua zamani. Mtoto mtie baina ya watu wazima wawili, atatulia."

Nikamwambia nimesikia. Sikuwa nimesikia. Nilibeba mikeka sita, nikaitandika Jumamosi jioni mbele kabisa, chini ya ngazi za madhabahu, kutoka ukuta hadi ukuta, ukingo kwa ukingo. Nilisimama mlangoni nikaitazama, nikajipongeza. Kosa lililokuwa pale mbele yangu sikuliona, na hapa kwetu hata mtoto wa miaka minne angeliona.

Asubuhi watoto walivua viatu, wakaketi vizuri, na mpaka mahubiri yanaisha nilikuwa natembea kifua mbele. Ikaja saa ya ushirika mtakatifu. Watu wakaanza kupanga mstari katikati. Mama wa kwanza akafika ukingoni mwa mkeka, akasimama.

Mkeka haukanyagwi na kiatu. Hilo hatukufundishwa na mtu, ni mazoea ya watu wa pwani, awe Mwislamu awe Mkristo, na hata mimi Mtaita miaka yote hiyo ilikuwa imenifanya wa hapa. Na njia yote ya kwenda mbele ilikuwa mkeka. Yule mama akainama akafungua vifungo vya viatu. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Mstari ukakwama mpaka mlangoni. Kasisi wetu wa bara alisimama na mkate mkononi, anashangaa kwa nini waumini wake wanainama mmoja mmoja kabla hawajafika. Alipoteremka ngazi moja aje kuona, kiatu chake kikagusa ukingo wa mkeka, na sauti ndogo arubaini zikamwambia kwa pamoja, "Kiatu!" Akarudi juu haraka.

Hapo ningecheka, kama si Mzee Habel. Zamu yake ilipofika alisimama ukingoni mwa mkeka, akaitazama kamba ya kiatu chake. Mgongo wake haukuwa ukiinama, hilo nililijua, kila Jumapili viatu alifungiwa na mkewe. Nilimkimbilia nimsaidie, lakini aliponiona akainua kiganja, nisimsogelee. Akaitazama madhabahu. Halafu akageuka, akarudi kitini kwake bila kupokea. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumatatu alasiri nilikwenda kwake Ganjoni. Mkewe, Mama Sidi, alinipokea kwa chai na mahamri, akaniketisha mbele ya mzee. Niliomba radhi. Mzee Habel akasema yamekwisha, kwa ile sauti ya mtu ambaye hayajamwishia.

"Mwambie kweli," Mama Sidi akasema.

Mzee akamega hamri.

"Basi nitamwambia mimi. Hasikii, Mama Wakio. Hicho kifaa kikipata kelele, chamletea kelele tupu. Jumapili mbili hizi hajasikia hata neno."

Mzee Habel aliikoroga chai yake ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa tena. "Sina ugomvi na watoto," akasema. "Nina wajukuu, nawapenda. Lakini umri huu nimebakiwa na nini? Nimebakiwa na saa moja na nusu ya Jumapili. Ukiniletea watoto arubaini, hata hiyo naikosa. Mimi ndiye nitakayekuwa nje."

Nilirudi kwa miguu, nikifikiri njia nzima. Kadzo alikuwa nje kwa sababu ya ukimya wangu, na sasa Mzee Habel alikuwa anatoka kwa sababu ya kelele zangu. Miezi mitatu ikiisha, halmashauri ingemrudisha mmoja kwa kumfungia mwingine, na watu wangepiga kura wakaenda nyumbani kula wali. Niliona kwamba wa kulizuia hilo, kama lilizuilika, ni mimi mpanga viti.

Alhamisi nikamwomba Mzee Habel na mkewe waje kanisani likiwa tupu. Nikafanya aliyonifanyia Mzee Jeremia, ila badala ya macho tukatumia masikio. Mama Sidi akasoma mbele, mzee akaketi benchi baada ya benchi, na mimi nikamuuliza kila mara: wasikia? Tulipofika mahali pake pa miaka yote nikatazama juu. Pangaboi lilikuwa juu ya kichwa chake, linavuma. Tukalizima. Mzee akageuka akanitazama.

"Soma tena," akamwambia mkewe.

Kumbe watoto walikuwa wamesingiziwa nusu ya kesi. Tulimpata mahali pazuri, benchi la tatu upande wa kushoto, mbali na pangaboi, ukuta nyuma ya sikio lake. Siku hiyo hiyo niliondoa mabenchi manne, mawili kila upande, na katika nafasi zile nikatandika mikeka yangu, mbali kabisa na njia. Kando ya kila mkeka nikaweka viti vya mikono kwa wazee wasioweza kuinuka bila kushika kitu. Watoto nikawagawa, watano hapa, saba pale, kila kikundi kati ya bibi na babu, wa kwao ama wa wengine. Vijana nikawapa kazi ya kupokea wazee ngazini na kuwapeleka mpaka vitini. Walilalamika kuhusu ngoma zao, tukapatana ngoma moja na fimbo zilizofungwa kitambaa. Jumapili iliyofuata haikuwa kimya, lakini ilisikika. Nilikwenda Mji wa Kale kumwambia Bi Zuhura kwamba alisema kweli. Hakunicheka sana.

Kisha nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Kadzo. Alikuwa akianika nguo dirishani, Pendo ameketi sakafuni anapanga vibanio vya nguo kwa rangi.

"Nimekuja kuomba radhi," nikamwambia. "Nilikutoa kanisani kwa maneno matamu."

"Ulinitoa," akasema.

"Rudini."

"Rudini," akasema Pendo.

Kadzo hakucheka. "Na akisema hivyo ndani?"

"Atasema."

"Na watu wakigeuka?"

"Watageuka Jumapili ya kwanza na ya pili. Ya tatu shingo zitawauma."

"Na wewe ukija kuniinamia tena?"

"Nikikuinamia, nitakuwa naokota kitu."

Alianika shuka moja zima kabla hajanijibu, na jibu lenyewe lilikuwa kwamba ataona. Jumapili mbili sikumwona. Ya tatu, nikiwa ngazini, niliwaona wakivuka barabara, Pendo na gauni la manjano. Niliwaketisha kwenye mkeka wa upande wa kushoto, karibu na benchi la nne, Kadzo kwenye kiti kando yake. Watu waligeuka, kama nilivyosema. Mzee Habel naye aligeuka, na sikuupenda uso wake.

Wiki zilikwisha upesi. Fundi akamaliza dari. Jumapili ya mwisho kabla ya kikao cha halmashauri, zamu ya kusoma ilikuwa ya Mzee Habel mwenyewe, somo la Isaya, refu. Alipopanda na kufungua kitabu, umeme ukakatika. Mapangaboi yote yakasimama na vipaza sauti vikafa. Mzee akaanza kusoma hivyo hivyo, na sauti yake, ambayo zamani ilifika mpaka barabarani, haikupita benchi la nne. Nilikuwa mlangoni, sikusikia kitu. Watu wa nyuma wakaanza kufunua kurasa wakitafuta mahali alipo.

"Jangwa," akasema Pendo.

Sauti yake ilijaa kanisa lote. Mzee Habel akainua macho. Nikamwona Kadzo anaokota mkoba wake, tayari kuinuka. Nilikuwa nimemwahidi mama yule, na ahadi ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Mzee aliweka kidole kwenye mstari, akamtazama yule mtoto. Mapangaboi yamesimama, kanisa limetulia, na sauti ile nyembamba ilikuwa imemfika sikioni sawasawa. Akasoma mstari uliofuata, akakoma. Akangoja.

"Maji," akasema Pendo.

Akasoma mwingine, akangoja tena. Huko nyuma watu wakaanza kupata mahali, wakaweka vidole kwenye vitabu vyao, wakafuata. Kadri alivyoendelea mzee alizidi kukata mistari vipande vifupi, ili mtoto apate maneno zaidi, na kila neno lilikuja. Kadzo aliuweka mkoba chini. Walisoma Isaya wote wawili mpaka mwisho, na mimi niliyelinda ukimya wa kanisa lile miaka mingi nilisimama pale mlangoni nikilia wazi wazi, sikujali nani ananiona.

Halmashauri ilikutana Jumanne. Nilikuwepo kwa sababu ya funguo. Kasisi akasema ukumbi uko tayari, je, watoto warudi? Wawili watatu walisema warudi, mmoja akasema tusubiri. Mzee Habel akainuka wa mwisho, na wote tulijua msimamo wake tangu mwanzo.

"Nina swali moja kwa Mama Wakio," akasema. "Jumapili ninayosoma mimi, yule mtoto wa Kadzo utamketisha wapi?"

"Pale pale, mzee."

"Msogeze mbele kidogo."

Akaketi. Katibu akaangalia huku na huku, akauliza aandike nini. Kasisi akamwambia aandike kwamba ukumbi utatumika kwa harusi na mikutano.

Hayo ndiyo mliyoyakuta, mkadhani yalikuwapo tangu kanisa kujengwa. Ibada ya saa tatu mliyoirithi, mtoto wa wiki mbili hadi bibi wa miaka tisini chini ya paa moja, ina kelele, ina viatu vinavyopotea, na kila mwaka hutokea mtu wa kusema watoto wapelekwe ukumbini wapate kufundishwa vizuri. Mjibuni kwa adabu, kisha mwendelee kutandika. Nimepanga viti vya harusi za watu wakubwa, nimepokea maaskofu, lakini nikiulizwa nilifanya nini maishani, nitataja mabenchi manne niliyoyatoa.

Mzee Habel alifariki mwaka mmoja kabla sijastaafu. Kanisa lilifurika. Jamaa zake kutoka Rabai walijaza nusu nzima, watu wasiotujua wala kujua desturi zetu. Pendo alikuwa ameshakuwa msichana mkubwa, ameketi na mama yake benchi la tatu kushoto. Somo lilisomwa na Sidi, binti mkubwa wa marehemu. Aliposoma mstari wa kwanza, Pendo akalitaja neno la mwisho, kwa sauti ile ile. Wageni wote wakageuka. Wenyeji hakugeuka hata mmoja. Bwana mmoja wa suti, aliyekuwa akisimamia mambo ya familia, akainuka akaenda moja kwa moja mpaka kwa Kadzo, akamwinamia, na kutoka mlangoni nilijua maneno anayomwambia kwa sababu zamani yalikuwa maneno yangu. Nikaacha mlango, nikaanza kwenda, lakini goti hili haliendi upesi.

Mama Sidi, aliyekuwa ameketi mbele kabisa kando ya jeneza, alikuwa ameshageuka akainua mkono.

"Muacheni," akasema. "Mzee hasikii bila yeye."